Chembe zimekataa kushika: kutafuta kosa damu inapokutana na uso wa kipandikizi

"Mwalimu, huu uso ni mbaya. Chembe zimekataa kushika."

Maneno haya nimeyasikia mara nyingi kwenye meza yangu ya maabara hapa Kisumu. Wiki nyingine huja kinyume chake: chembe zimeshika kupita kiasi, na uso ndio unaolaumiwa tena. Anayelalamika huwa ameshika diski ya titaniamu, chuma cha kutengenezea vipandikizi, isiyozidi upana wa sarafu ya shilingi tano. Upande mmoja umeng'arishwa, mwingine umepigwa mchanga na kuoshwa kwa tindikali. Amemwagia damu, amesubiri, ameangalia chini ya hadubini, na alichokiona hakifanani na alichofundishwa.

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu mara nyingi uso haujakosa kitu. Kosa liko kwenye damu, kwenye maji, kwenye hewa au mkononi mwa mpimaji. Na jambo hili linaniuma, kwa sababu huku kwetu wanaotembea na vyuma mwilini ni wengi: kijana wa boda boda aliyevunjika paja, mama aliyebadilishiwa nyonga, mzee aliyepandikizwa jino. Tukiandika uongo kwenye daftari kuhusu uso unaofaa, uongo huo utaishia ndani ya mfupa wa mtu.

Kabla ya dalili yoyote, shika jambo moja. Chembe haigusi chuma. Damu ikifika kwenye titaniamu, maji hutangulia, kisha protini hutandazwa juu ya uso ndani ya sekunde chache. Albumini, kwa kuwa ni nyingi na nyepesi, hukaa mwanzo. Faibrinojeni, protini ya kugandisha damu, huja kuisukuma, halafu nayo husukumwa na protini nyingine zinazong'ang'ania zaidi. Mwanasayansi aitwaye Leo Vroman ndiye aliyeueleza mpokezano huu, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo chembe inapotua, inatua kwenye zulia. Mikwaruzo ya uso huamua zulia limetandikwa vipi, lakini maji machafu, mafuta ya kidole na hewa iliyonaswa pia huamua.

Kumbuka na vipimo. Chembe nyekundu ina upana wa maikromita 7 hadi 8. Chembe sahani, ambazo maabarani tunaziita pleteleti, ni maikromita 2 hadi 3. Molekuli moja ya faibrinojeni ina urefu wa nanomita 45 hivi. Kishimo cha tindikali chenye upana wa maikromita mbili tatu ni karai la kuogea kwa pleteleti, lakini chembe nyekundu inapita juu yake kama tairi la lori juu ya ufa wa lami. Ukisema "chembe zimekataa," sema ni chembe gani.

Diski iko tupu, hakuna pleteleti

Swali langu la kwanza huwa ni rangi ya kifuniko cha tyubu. Kikiwa cha zambarau, tumemaliza mazungumzo. Ndani yake mna EDTA, dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo hufunga kalsiamu yote. Kipokezi ambacho pleteleti hutumia kushika faibrinojeni, kile cha GPIIb/IIIa, husambaratika kalsiamu ikikosekana, na ukija kuongeza kalsiamu baadaye usitegemee kwamba kitarudi kama kilivyokuwa. Tumia kifuniko cha samawati, yaani chenye sitreti ya asilimia 3.2, nayo ni dawa ya kuzuia kuganda, sehemu tisa za damu kwa moja ya dawa. Na tyubu ijae hadi kwenye alama. Ikijaa nusu, dawa inakuwa nyingi mno kwa damu iliyomo, na umerudi karibu na shida ileile.

Swali la pili namwelekezea aliyetoa damu, na hapa nitakaa kidogo. Ukimuuliza mtu, "Umemeza dawa wiki hii?" atakujibu "hapana" kwa moyo safi kabisa. Kidonge cha maumivu ya kichwa alichonunua kioskini Jumatatu, machoni pake, si dawa. Dawa ni ile ya hospitali. Lakini vidonge vingi vya aina hiyo vina aspirini ndani yake, na aspirini huzima kimeng'enya cha pleteleti moja kwa moja. Pleteleti haina kiini, haiwezi kutengeneza kimeng'enya kipya, hivyo hubaki hivyo maisha yake yote, siku 7 hadi 10. Kwenye diski utaona pleteleti chache zilizotua, bado za mviringo, hazijakunjua vidole wala kuitana. Siku hizi siulizi kuhusu dawa. Nauliza: "Kichwa kilikuuma lini mara ya mwisho, na ulifanya nini?" Jibu hutoka lenyewe. Kama ni aspirini, tunaagana kwa siku kumi.

Kuna na malaria. Ukanda huu wa ziwa mtu anaweza kuwa na vimelea na bado akaja kazini akicheka, na malaria hushusha idadi ya pleteleti. Hesabu kamili ya damu na kipimo cha malaria vifanywe kabla damu haijamwagwa kwenye diski. Kiwango cha kawaida ni pleteleti 150,000 hadi 450,000 kwa kila maikrolita. Ukianza na 70,000, usiilaumu titaniamu.

Kama damu ni safi na tyubu ni sahihi, chunguza hewa. Mwaka mmoja mwanafunzi aliniletea diski zake sita akiwa karibu kulia. Laini zilikuwa na pleteleti, zile zenye mikwaruzo zilikuwa na mabaka matupu. Nilimwambia atumbukize nyingine mbele yangu. Alipoizamisha, niliinamisha bakuli ili mwanga wa dirisha uingie kwa pembeni, na hapo tukauona: mng'ao wa fedha juu ya titaniamu, kama tumbo la omena. Hiyo ni hewa. Uso wenye mikwaruzo usiopenda maji hunasa hewa mabondeni, damu ikapita juu ya vilele tu. Protini zikigusa hewa nazo hukunjuka vibaya, kwa hiyo hata pale panapoonekana kuguswa hapaaminiki.

Dawa yake ni rahisi. Zamisha diski kwenye ethanoli ya asilimia 70, kisha badilisha na bafa (maji ya chumvi yenye pH tulivu) mara tatu bila kuiacha diski itoke nje ya kimiminika hata mara moja. Fanya hivyohivyo kwa diski laini pia, hata kama hazina mng'ao, la sivyo umelinganisha vitu viwili vilivyoandaliwa tofauti.

Mwisho wa dalili hii ni sentrifuji, mashine ya kuzungusha damu ili sehemu zake zitengane. Kuna watu wamenakili "mizunguko 1,200 kwa dakika" kutoka kwa mwenzao wa Nakuru na kuitumia kwenye mashine nyingine kabisa. Mizunguko si nguvu. Nguvu ni 1.118 mara 10⁻⁵, mara nusu kipenyo kwa sentimita, mara mizunguko kwa kipeo cha pili. Mkono wa sentimita 10 ukizunguka mara 1,200 unatoa takriban g 161, yaani mara 161 ya mvuto wa dunia, ambayo ni nzuri kwa kutenga plazima (maji ya damu) yenye pleteleti. Mkono wa sentimita 17 kwa mizunguko hiyohiyo unatoa g 274, na sehemu ya pleteleti zako zimeshuka chini pamoja na chembe nyekundu. Pima mkono wa mashine yako kwa rula.

Pleteleti zimejaa kila mahali, laini na yenye mikwaruzo hazitofautiani

Hapa pleteleti zimeshaamshwa kabla ya kufika kwenye diski. Zimekuja na hasira, zitashika chochote.

Kuna njia ya kujua bila mashine. Inua tyubu ya plazima kwenye mwanga na uiinamishe taratibu. Pleteleti zilizotulia ni bapa kama sahani, na zikizunguka hutawanya mwanga: utaona mawingu mepesi yakijiviringa kama moshi wa ubani. Zilizoamshwa zimekuwa duara lenye miiba, na plazima yake ina ukungu uliokufa usiocheza. Usipoyaona mawingu, usiendelee.

Sababu ninazozikuta mara nyingi: damu ilikaa kwenye friji kwa sababu mtu alidhani baridi inahifadhi (pleteleti zinataka joto la chumba, nyuzi 20 hadi 24), mkanda ulifungwa mkononi zaidi ya dakika moja, sindano ilikuwa nyembamba sana (tumia namba 21), damu ya tyubu ya kwanza haikuwekwa kando, saa nne zimepita tangu kutolewa. Kuna pia bakuli la kioo. Kioo huamsha mfumo wa kuganda kupitia kigandishi cha XII, kwa hiyo kila kitu kinachogusa damu hiyo kiwe cha plastiki. Kisha angalia sakafu ya kisahani cha plastiki penyewe. Kama huko nako pleteleti zimetandazwa kama unga wa chapati uliosukumwa, tatizo halikuwa titaniamu.

Joto la chumba hapa Kisumu ni neno la kutiliwa shaka. Saa nane mchana chumba changu bila feni hupita nyuzi 30. Weka kipimajoto mezani.

Plazima imekuwa ya waridi

Rangi ya waridi ni himoglobini iliyotoka kwenye chembe nyekundu zilizopasuka. Kigezo kinachotumika sana ni hiki: zikipasuka chini ya asilimia 2 ya chembe, uso hauziharibu, 2 hadi 5 unaharibu kidogo, zaidi ya 5 unaharibu. Lakini angalia hesabu. Tuseme kwenye mashine ya kupima rangi sampuli yako imesoma 0.09, damu isiyoguswa na diski imesoma 0.06, na damu iliyopasuliwa yote kwa maji matupu imesoma 1.06. Toa 0.06 kote, ugawanye: 0.03 kwa 1.00, asilimia 3. Aliyesahau kutoa atagawanya 0.09 kwa 1.06, atapata asilimia 8.5, na diski nzuri itatupwa. Nimeshuhudia diski zikitupwa hivyo.

Hata ile 0.06 inafaa kuulizwa. Kuna siku damu ililetwa kwangu kutoka ng'ambo ya mji ikiwa kwenye mfuko wa koti la mwendesha boda boda, barabara ni ile ya mawe, jua la saa saba. Ilipofika, plazima ya tyubu ambayo haijagusa chuma chochote ilikuwa rangi ya juisi ya karakara nyekundu. Mtikisiko na joto vilikuwa vimeshafanya kazi yote. Tangu siku hiyo, damu yangu husafiri kwenye kikasha chenye sponji, na naangalia rangi kabla sijaanza.

Sababu nyingine ni maji yaliyobaki kwenye diski. Tone la maji matupu mabondeni hupasua chembe kwa sababu halina chumvi. Osha kwa bafa mwishoni. Maji ya bomba au ya kisima yasiguse diski kabisa, kwani yakikauka huacha ganda la madini, na ganda hilo lina mikwaruzo yake yenyewe ambayo hukuipanga. Tindikali iliyobaki kwenye vishimo nayo hupasua chembe: pima pH ya bafa uliyozamishia diski usiku kucha.

Halafu kuna damu za watu wetu. Kisumu, Siaya, Busia, Kakamega, wenye nusu ya urithi wa selimundu ni wengi, na wengi wao hawajui kwa sababu wana afya njema. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD pia upo, na chembe za mtu huyo huvunjika haraka zikikutana na kioksidishaji, kwa mfano mabaki ya peroksaidi kwenye diski iliyosafishwa nayo. Damu hizi ni damu halali, na vipandikizi vitawekwa kwa watu hawa pia, kwa hiyo siungi mkono kuwafukuza kwenye utafiti. Wapime, wajulishwe majibu yao kwa heshima, na matokeo yao yaandikwe kwenye safu yake. Kosa ni kuwachanganya na wengine bila kujua.

Mwezi uliopita ilifanya kazi, leo imekataa

Diski zilezile, mpimaji yuleyule, mchangiaji yuleyule. Titaniamu huzeeka ikikaa kabatini. Ikitoka kwenye tindikali inapenda maji. Ikikaa kwenye hewa ya kawaida, kaboni ya hewani hujipaka juu yake kidogo kidogo, na baada ya wiki nne hivi inayakataa maji. Weka tone dogo la maji yaliyosafishwa. Likitandazika, uso bado mpya. Likisimama duara kama umande kwenye jani la nduma, uso umezeeka, na umeshapata mng'ao wa fedha tuliouona.

Ndiyo maana baadhi ya vipandikizi vya meno huuzwa vikiwa ndani ya maji ya chumvi. Sisi tusio na vifungashio hivyo tuandike tarehe ya tindikali kwenye kila mfuko, na tutumie zenye umri mmoja. Mwanga wa urujuanimno au plazima ya gesi (si ile ya damu) huurudisha uso, mradi zote zipitie humo pamoja.

Chembe nyeupe zinawaka kwenye kila diski

Monositi, aina ya chembe nyeupe, zinamwaga viashiria vya uvimbe hata kwenye diski laini iliyopita kwenye autoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo. Shuku sumu ya bakteria waliokufa. Autoklevu ya nyuzi 121 huua bakteria lakini haiondoi sumu ya ukuta wao, na titaniamu huishika vizuri sana. Inahitaji joto kavu la nyuzi 250 kwa dakika 30. Zichome zote pamoja, maana joto hilo hugusa na oksidi ya juu.

Wenzangu wa Nakuru wana jambo la ziada. Mji wao uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, wetu mita 1,130 hivi. Geji ya autoklevu ya zamani husoma shinikizo kuzidi lile la hewa ya nje, na hewa ya Nakuru ni nyepesi. Pauni 15 za shinikizo zinazotoa nyuzi 121 pale Mombasa hazitoshi Nakuru. Huko inahitajika takriban 18. Anayefuata geji peke yake anatoa diski ambazo hazijaiva. Soma joto, na utumie ukanda wa kiashiria.

Ukishaondoa hayo, hapo ndipo uso huanza kusema. Monositi zinazogeuka makrofaji, yaani chembe zinazomeza uchafu, juu ya titaniamu yenye mikwaruzo midogo inayopenda maji huelekea kwenye hali ya kuponya kuliko kuwaka, na nyutrofili, chembe nyeupe nyingine, hutoa nyavu zao za kunasa vijidudu kidogo kuliko kwenye uso wenye mikwaruzo unaokataa maji. Ona kwamba mikwaruzo ni ileile. Kilichobadilika ni maji.

Donge linabanduka

Hii naipenda, kwa sababu mara nyingi ni uso kweli. Donge la damu likishaganda hujivuta, pleteleti zikikaza nyuzi za faibrini. Kwenye uso laini nyuzi huachia, donge linatoka zima kama ngozi ya ugali kwenye sufuria. Kwenye mikwaruzo zinang'ang'ania. Kwa mfupa hili ni jambo kubwa: seli zinazojenga mfupa hutembea juu ya nyuzi hizo hadi kwenye kipandikizi, na kamba ikikatika hazifiki. Hakikisha tu hukulibandua mwenyewe kwa kumwaga bafa kwa nguvu. Ipitishe pembeni mwa kisahani, taratibu.

Lini useme ni uso

Pima kwanza. Wastani wa kimo cha mikwaruzo juu ya eneo, Sa, ukiwa chini ya maikromita 0.5 uso ni laini. 1 hadi 2 ni wa wastani, na ndio unaotumika sana kwenye meno. Zaidi ya 2 ni mkali. Angalia pia punje za alumina zilizobaki kutoka kwenye mchanga, hizo huonekana kama mawe meupe yaliyokwama.

Kisha jiulize kipandikizi kinakwenda wapi. Kwenye mfupa tunataka pleteleti zishike na zimwage vichocheo vyake. Ndani ya mshipa tunaogopa hilohilo, ndiyo maana vali za moyo hung'arishwa. Lakini hata hapo usikariri: kulikuwa na pampu ya moyo, HeartMate ya awali, iliyopakwa vijiduara vya titaniamu makusudi ili damu ijitengenezee bitana yake na kutulia. Na damu iliyosimama kwenye kisahani si damu inayokimbia. Kwa kitu cha mshipani, matokeo ya kisahani pekee hayatoshi.

Baada ya hapo, chukua diski laini na zenye mikwaruzo kutoka fimbo moja ya titaniamu, umri mmoja, wachangiaji watatu waliokubali kwa maandishi na kwa idhini ya kamati ya maadili, wakati mmoja, na mtu mwingine azipe namba ili anayehesabu asijue ipi ni ipi. Yule mwanafunzi wa mng'ao wa fedha alifanya hivyo. Tulipofungua bahasha ya namba, diski zenye mikwaruzo zilikuwa na pleteleti nyingi zaidi kwa wachangiaji wote watatu, zimekunjua vidole hadi ndani ya vishimo. Nilitia sahihi kwenye daftari lake jioni hiyohiyo.